Kibadeni: mabao matatu ya 1977 na benchi la 1993

Katika kila kozi ya ukocha ninayofundisha hapa Dar es Salaam hakosekani mchezaji mstaafu anayeamini kwamba miaka aliyocheza imekwisha kumvusha nusu ya masomo, na huyo mimi huanza naye kwa kumsimulia habari za Abdallah Kibadeni, mshambuliaji wa zamani wa Simba.

Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0, na mabao matatu yakawa ya Kibadeni. Miaka 16 baadaye alikuwa kocha wa Simba iliyofika fainali ya Kombe la CAF, mashindano ya klabu za Afrika, akitoka sare ya 0-0 na Stella ya Ivory Coast kule Abidjan, huku marudiano yakisubiriwa hapa nyumbani.

Hapo mimi husimama na kuchukua chaki. Sare ya bila bao ugenini hupendeza machoni, lakini kwa kanuni ya bao la ugenini (jumla ya mabao ikilingana, hushinda aliyefunga mengi zaidi ugenini), mgeni akifunga moja tu, mwenyeji hudaiwa mawili. Kwa hiyo timu inayoshangiliwa na uwanja mzima ndiyo inayocheza ikiwa na hofu mgongoni. Huchora mabeki wawili wa kati na kiungo mkabaji, kisha huwapandisha mabeki wa pembeni wote wawili na kuuliza: mpira ukipotea hapa, nani yuko nyuma? Washambuliaji wa zamani, karibu wote, huongeza mtu mbele. Mchezaji hulijibu swali hilo kwa miguu, mpira ukiwa unatembea; kocha hana budi kuwa amelijibu mazoezini, siku kadhaa kabla ya mechi, kwa kuamua nani apande na nani abaki.

Stella walishinda 2-0 Dar es Salaam. Simlaumu Kibadeni hata kidogo, kwani kuifikisha klabu ya Tanzania fainali ya Afrika kwa mara ya kwanza ni kazi ninayoiweka juu ya yale mabao matatu, ingawa mashabiki wa Msimbazi, yaani wa Simba, hunibishia sana. Baadaye aliifundisha Kagera Sugar, na mwaka 2013 akarejea Simba.

Wapo wanafunzi wanaoiona hesabu hii kuwa ya kizamani. Hao huwarudisha mwaka 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho: Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger hapa Dar es Salaam, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, na kombe likabaki Algeria kwa mabao yale mawili ya ugenini.