Majivu yaende kwa maharage, siyo kwa viazi

Kwenye miinuko ya Kabale na Rubanda, kusini magharibi mwa Uganda, samadi karibu yote huishia kwenye viazi mviringo, kwa kuwa ndivyo vinavyoleta pesa. Hesabu hiyo naielewa, ila kwenye udongo wenye tindikali naona imekaa vibaya. Viazi huvumilia pH ya 5 (pH ni kipimo cha tindikali; namba ikishuka, tindikali imezidi), maharage hayawezi. Ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka udongoni, ikadumaza ncha za mizizi na kuishika fosforasi hata mmea usiipate. Ng'oa mche wa maharage wa wiki ya tano uutazame: mizizi mifupi minene, vinundu vya kutengeneza naitrojeni vichache, na ukivipasua ndani havina wekundu.

Pima kwanza. Chota udongo wa kina cha sentimita 20 sehemu 15 hadi 20 za shamba, changanya, anika kivulini, kisha peleka nusu kilo maabara ya Kawanda au Makerere. Ukiruka kichuguu na mahali palipochomwa takataka utapata jibu la kweli.

Mzunguko ninaoupendekeza ni wa misimu minne: maharage, mahindi au mtama, viazi vitamu, halafu viazi mviringo. Majivu ya kuni, ambayo hupunguza tindikali, huwekwa msimu wa maharage tu. Ukiyaweka karibu na viazi mviringo, pH ikipanda unakaribisha ugonjwa wa magaga kwenye ganda, na mnunuzi atavikataa.

Kwa mistari ya sentimita 50, nyunyiza gramu 50 kila mita ya mfereji. Tampeko moja (kikombe cha nusu lita) iliyojaa hutosha kama mita tano. Robo eka itahitaji takriban kilo 100, kwa hiyo anza kukusanya mapema, pakavu, maana majivu yaliyonyeshewa yamepoteza potasiamu. Fukia kwa jembe wiki mbili kabla ya kupanda. Mbegu ikigusa majivu mabichi huungua. Ya plastiki au mbao zenye rangi usiyaguse.

Samadi iliyooza vizuri, nusu kilo kwa mita, iingie siku ya kupanda. Isichanganywe na majivu kwenye rundo moja: ile harufu kali inayopanda ni naitrojeni inayokukimbia. Samadi ya kuku wa mayai punguza nusu. Ina kalsiamu nzuri kutokana na chakula chao, lakini ni kali. Viozo hivi havipandishi pH sana, kazi yake kubwa ni kuifunga alumini. Ndiyo maana pH ikiwa chini ya 5 bado nashauri chokaa ya kilimo, ingawa kuisafirisha kutoka Tororo, mashariki mwa nchi, hadi huku Kigezi ni gharama.

Viazi mviringo navyo vipewe alizeti mwitu (tithonia) inayoota kwenye uzio: kata kabla haijatoa maua, katakata, fukia kilo moja mbichi kwa mita, subiri wiki moja ndipo upande. Ikikomaa shina huwa gumu na huoza polepole. Vumbi la mbao ni baya zaidi. Vijidudu vinavyoliozesha hunyonya naitrojeni na mimea inakuwa ya njano.

Kosa linaloirudisha tindikali haraka ni kung'oa maharage mazima, kuyapura nyumbani na kuacha maganda uani. Mmea wa jamii ya kunde wenyewe huongeza tindikali kidogo unapotengeneza naitrojeni, na kalsiamu yake imo kwenye majani na maganda hayo. Kata shina usawa wa ardhi, mizizi ibaki, na maganda yarudi shambani kabla mbuzi hawajayaona.