Springi ya stata ya chenisoo: kaza, lakini bakiza nusu mzunguko

Kiangazi kikishika Tabora, chenisoo zinaanza kuletwa kijiweni kwangu kamba ya kuwashia ikining'inia nje kama ulimi wa mbwa, haivutwi tena ndani na springi ya stata. Nyingi zinatoka Sikonge na Urambo, zimefungwa nyuma ya pikipiki, na mwenyewe ana jibu hata kabla hajashuka: "Fundi, springi imekufa, niwekee mpya." Kumbe mara nyingi ni nzima.

Vuta kamba polepole kwanza. Ikibaki nje bila hata dalili ya kurudi, springi imekatika au imechomoka kwenye ndoano yake. Ikirudi kwa kusuasua, shuku unga wa mbao, au kamba iliyochakaa nyuzi na sasa inakwama kwenye tundu lake. Ikirudi vizuri ila injini haizunguki, springi iache. Angalia vile vikucha vinavyoshikana na flaiwili, gurudumu zito la injini.

Kava la stata hushikwa na skrubu, nne kwenye mashine nyingi. Kama springi bado ina nguvu, ilegeze kabla ya kutoa puli, kile kigurudumu kinachozungushiwa kamba: vuta kamba kidogo, bana puli kwa kidole gumba, toa mizunguko ya kamba iliyobaki kwenye puli, kisha iachie izunguke taratibu chini ya kidole mpaka iishiwe nguvu. Mimi nikiwa bado najifunza niliona huo ni uchelewaji tu. Springi ikafyatuka, ikanichana juu ya nyusi. Mzee aliyekuwa ananifundisha hakunipa pole, alinipa miwani.

Piga picha kwa simu uone springi imejikunja kuelekea upande gani, ndipo uitoe.

Pakuangalia sana ni ncha ya ndani, ile ndoano inayoshika puli. Kama ndiyo iliyovunjika na springi mpya haipatikani, unaweza kukunja ndoano nyingine. Chuma hiki kimepikwa kiwe kigumu, ukikikunja kikiwa baridi kitakatika tena mkononi. Pasha moto sentimita moja ya mwisho tu mpaka iwe nyekundu, kunja kwa koleo, kisha iache ipoe yenyewe. Ukiitosa majini inakuwa kama kioo, na ukipasha kipande kirefu inalainika isivute tena. Mteja namwambia wazi kwamba hiyo ni ya kumvusha tu.

Springi mpya huja imefungwa waya au fremu. Usiifungue! Iweke mahali pake, ndoano ya nje ikae kwenye nafasi yake, kisha isukume chini. Kifungo kitateleza chenyewe. Dondoshea matone machache ya oili nyepesi. Grisi hapana, maana ikikutana na unga wa mninga unapata ugali.

Ukisharudisha puli na kamba, springi hukazwa kwa kuzungusha puli, na hapo ndipo penye kosa linalorudisha watu kwangu. Kijana mmoja wa Kaliua alikata springi mbili ndani ya mwezi mmoja, akalaumu duka. Kumbe alikuwa anazungusha puli mpaka igome, akidhani kukaza sana ndiyo uimara. Springi iliyokazwa hivyo, siku ukivuta kamba yote, haina pa kwenda ila kukatika.

Kipimo ni hiki: ukishakaza, vuta kamba mpaka mwisho, halafu jaribu kuzungusha puli kwa mkono kuendelea upande uleule. Lazima iende angalau nusu mzunguko zaidi. Ikigoma, punguza mzunguko mmoja. Kamba fupi kuliko ya mwanzo itakudanganya hapa, kwa hiyo weka yenye urefu na unene uleule.

Kisha achia kamba irudi ukiisindikiza kwa mkono, maana kuiachia ijipigize ni kuiua springi uliyoifunga sasa hivi. Kishikio kikikaa wima na kubana kwenye kava, funga skrubu. Kikilala pembeni, ongeza mzunguko mmoja, upime tena.