Boriti ya Ninawi

Kila ninapofundisha kitabu cha Yona naanzia sura ya 3. Samaki namwacha; kila mtu amemzoea tangu shule ya Jumapili. Ninachotaka wanafunzi wakitazame ni mahubiri ya Yona mjini Ninawi, ambayo kwa Kiebrania ni maneno 5 tu: bado siku 40, na Ninawi utaangamizwa. Basi. Hamna "msipotubu", hamna "huenda", hata jina la Mungu halimo. Mtu angehubiri hivyo kwenye mkutano wa injili siku hizi, kamati ingemnyang'anya kipaza sauti.

Neno la mwisho kati ya hayo 5 ni nehpakhet, nami huliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Biblia zetu zinasema kuangamizwa, ila kitenzi chenyewe ni kupindua. Ndicho kilichotumika kwa Sodoma katika Mwanzo 19, kwa hiyo Yona alijua vizuri anatishia nini. Lakini Waebrania walipindua na mioyo pia. Sauli alipokwisha kupakwa mafuta, Mungu alimgeuzia moyo mwingine (1 Samweli 10:9), na kitenzi ni hichohicho. Katika Hosea 11:8 Mungu anashindwa kumtupa Efraimu, yaani Israeli, anasema moyo wake umegeuka ndani yake. Kitenzi hichohicho tena, safari hii ndani ya Mungu mwenyewe. Kwa hiyo Yona alitabiri sawasawa kuliko alivyotaka: mji ulipinduka kweli, na nyumba zikabaki zimesimama.

Hapo huwa linaulizwa swali la kughairi. Yona 3:10 inasema Mungu alighairi. Je, Mungu hubadili mawazo? Ukienda 1 Samweli 15 utachanganyikiwa zaidi, maana mstari wa 29 unakana kwamba Mungu hujuta kama mwanadamu, na mistari ya 11 na 35, sura hiyohiyo, inasema alijuta kumtawaza Sauli. Sijawahi kuona maelezo yanayoiziba nafasi hiyo kabisa, na wanaodai wameiziba siwaamini sana. Yeremia 18, kwenye karakana ya mfinyanzi, ndiyo inayonisaidia: taifa likitangaziwa kung'olewa kisha likageuka, Mungu naye hughairi. Ndivyo neno la hukumu linavyofanya kazi tangu mwanzo, hata lisipotaja sharti lolote. Aliyekwisha amua kuangamiza tu hana haja ya kutuma mtu akatangaze siku zilizobaki.

Muhula mmoja, somo likiwa limefika hapo, mwinjilisti mmoja wa darasani, mtu mzima aliyenizidi umri, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi niko upande wa Yona."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kuna mtu alimdhulumu marehemu baba shamba, nikiwa mdogo. Ekari mbili. Baadaye akaokoka, akalia madhabahuni kanisa zima likalia naye. Leo ni mzee wa kanisa. Na kahawa anayochuma ni ile niliyopanda mimi na baba, nikiwa darasa la tano."

Sikuwa na jibu la haraka, na namshukuru Mungu sikulitafuta. Nilimwambia kwanza kwamba hasira ya Yona nayo ilikuwa na shamba lake. Tunamcheka nabii aliyesusa chini ya mtango, mmea uliomtilia kivuli nje ya mji, kwa sababu Ninawi kwetu ni jina tu. Kwa wasomaji wa kwanza wa kitabu hiki lilikuwa jina la Ashuru, na Waashuri ndio walioiangusha Samaria, mji mkuu wa Israeli ya kaskazini, mwaka 722 KK wakawahamisha watu wake. Mwaka 701 KK mfalme wao Senakeribu aliuzingira Lakishi, mji wa Yuda, na kazi yake ilimfurahisha hata akaichonga kwenye kuta za jumba lake hukohuko Ninawi. Mawe hayo sasa yako London, katika jumba la makumbusho la Uingereza. Mateka wanatoka mjini na mizigo yao, wanawake na watoto wamepanda magari ya ng'ombe, na pembeni askari wanawachuna watu ngozi. Hao ndio ambao Mungu anamwambia Yona awahurumie.

Ndiyo maana Yona 4:2 ni sala ya ajabu. Yona anamsomea Mungu sifa zake mwenyewe kutoka Kutoka 34: mwenye neema, mwenye huruma, si mwepesi wa hasira. Anazisoma kama mashtaka! Nilijua utawasamehe, ndiyo maana nilikimbia. Neno la huruma hapo, rakhum, linatoka mzizi mmoja na tumbo la uzazi la mama, na ni ndugu wa neno letu rehema, lililotufikia kwa Kiarabu.

Kisha tukarudi sura ya 3, kwa sababu kuna jambo tulilipita mbio. Mfalme wa Ninawi anaagiza watu wafunge, wavae magunia, na ng'ombe nao wavishwe magunia (hapo hata mwinjilisti akatabasamu). Lakini anaongeza: kila mtu auache udhalimu ulio mikononi mwake. Kiebrania kinasema viganjani, mahali unaposhikilia kitu cha mtu. Na mstari wa 10 unasema Mungu aliona nini? Matendo yao. Walimu wa Kiyahudi waliliona hilo mapema. Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao ya sheria uliokamilika karibu mwaka 200 BK, inaeleza kwamba siku ya mfungo wakati wa ukame mzee aliwakumbusha watu: haikuandikwa kwamba Mungu aliona magunia yao na kufunga kwao. Talmudi, kitabu kinachoifafanua Mishna, ikaja kuuliza maana ya udhalimu ule wa mikononi, na mwalimu mmoja, Shmueli, akajibu: hata kama mtu aliiba boriti akaijengea jumba, alibomoe jumba lote, airudishe boriti kwa mwenyewe.

Tena toba yenyewe ni kurudi. Neno letu ni la Kiarabu, na mzizi wake ni ndugu wa shuv ya Kiebrania, kitenzi cha mtu anayegeuza njia kurudi alikotoka. Sisi tumelifanya neno la machozi. Machozi si mabaya, ila mstari wa 10 hauyataji.

Mwinjilisti alikuwa anaandika. Akauliza Yona alijibu nini mwishoni. Nikamwambia hakijaandikwa kitu. Yona aliuhurumia mtango ulionyauka, na Mungu anamuuliza kama yeye asiwahurumie watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi, na kitabu kinaishia kwenye swali hilo, neno la mwisho likiwa juu ya mifugo.

"Kwa hiyo mimi naulizwa swali la mtango."

"Naona hivyo, mzee wangu."

"Na yeye anaulizwa la boriti."

"Ndiyo."

Akafunga daftari. "La kwangu nimelisikia, Mwalimu. La kwake nani atampelekea? Kwetu, anayepanga nani ahubiri Jumapili ni yeye."