Kambale Hapandi Ngazi ya Trauti

Masika yakishakolea, huwa naamka saa kumi na moja alfajiri, navaa mabuti, nachukua tochi na rula ya mbao, kisha naenda kuchungulia makalavati, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, nione kama samaki wanapita. Mke wangu ameshazoea.

Mwaka juzi, kwenye kijito kimoja kinachomwaga maji Mto Zigi upande wa Muheza, nilikuta kambale wamejazana kwenye dimbwi chini ya barabara. Kila baada ya muda mmoja anajitupa mbele, anagonga kichwa kwenye saruji, anarudi majini. Kutoka usawa wa maji hadi mdomo wa kalavati nilipima sentimita 34. Pembeni vijana watatu wamechuchumaa na ndoo. Hawakuwa na hata ndoano, ya nini?

Mzee mwenye michungwa jirani akasimama kunitazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vipi, barabara inabomoka?"

Nikamwambia nawapimia samaki. Akacheka sana. "Zamani tulikuwa tunawaokota kule juu, kwenye majani ya bondeni. Siku hizi safari yao inaishia hapa."

Mzee alikuwa amenimalizia kazi. Kambale hapandi kijito kwa kutembea tu. Anatafuta majani yaliyofunikwa na maji ya mafuriko, kwa sababu mayai yake hunata kwenye majani na huanguliwa kwa muda wa siku moja au mbili hivi. Akikwama barabarani, mayai yanabaki tumboni au yanaishia kwenye ndoo.

Watu wakisikia habari za njia za samaki huwaza Mabayani, bwawa linaloinywesha Tanga mjini, au mitambo ya umeme ya Hale kwenye Mto Pangani. Mimi nahangaika zaidi na hivi vijito ambavyo ukivuka kwa bodaboda huoni hata kama umevuka maji.

Sentimita zile 34 hakuzijenga mtu. Kalavati lilipowekwa lilikuwa sawa na kitanda cha kijito, ila ni jembamba kuliko kijito chenyewe. Maji yakibanwa hukimbia, na ndani ya bomba laini hakuna jiwe la samaki kujificha nyuma yake apumue. Yakitoka kwa kasi hiyo huchimba. Kila masika dimbwi linashuka kidogo, na mdomo wa kalavati unazidi kuning'inia.

Sasa, vitabu vingi vya fani hii ya njia za samaki vimeandikwa kwenye nchi za trauti na samoni, samaki wa mito ya baridi. Kule wanajenga ngazi: vidimbwi vilivyopangana, samaki anaruka kutoka kimoja hadi kingine. Trauti anaruka, amejaliwa hivyo. Ngazi za mtindo huo zilipopelekwa kwenye mito ya joto hazikufanya vizuri. Ile ya bwawa la Pak Mun, Thailand, ililaumiwa sana. Nami nimewahi kuonyeshwa mchoro wa ngazi ya trauti uliokusudiwa kijito cha perege na kambale. Niliurudisha. Kambale hutambaa na hujisukuma. Kuruka si fani yake.

Samaki mkunga, yule mrefu kama nyoka, naye ana mambo yake. Huzaliwa baharini, huletwa na mikondo hadi pwani yetu, huingia mtoni akiwa mwembamba kama njiti ya kiberiti na mwangavu kama kioo. Akiwa mdogo hivyo anaweza kupanda ukuta wenye unyevu, mradi uwe na mikwaruzo. New Zealand huning'iniza kamba za kufugia kome kwenye makalavati, na samaki wadogo hupanda nazo. Nikajiambia: sisi ndio wenye kamba, Tanga ya mkonge! Nikafunga mafungu mawili ya katani. Kabla mwaka haujaisha yalikuwa yameoza, yananuka kama choo. Nikaweka nailoni, kamba chakavu niliyopewa na wavuvi wa Deep Sea, diko la samaki hapa Tanga. Ipo hadi leo.

Kwa kambale tulijenga mteremko wa mawe. Kanuni yangu ni mita 20 za urefu kwa kila mita 1 ya kimo, kwa hiyo sentimita 34 zilitaka mita 7 hivi. Mara ya kwanza nilikosea kijinga: mawe makubwa tupu, bila kujaza nafasi katikati. Kiangazi maji yote yakapita chini ya mawe, juu pakavu kabisa. Tukabomoa, tukapanga upya, tukashindilia changarawe, mchanga na udongo wa mfinyanzi. Jiwe la juu kabisa tuliliinua kidogo kupita sakafu ya kalavati, ili maji yarudi nyuma na kutulia ndani ya bomba.

Ukijenga upya usipate taabu hizi. Chukua bomba pana kuliko kijito, lifukie theluthi au robo ya kimo chake chini ya kitanda, mchanga utajitandaza wenyewe ndani. Gharama huongezeka, sikatai. Lakini bomba pana pia halizibwi ovyo na magogo, na hapo ndipo mhandisi wa barabara huanza kunisikiliza.

Masika yaliyofuata nilifika alfajiri, dimbwi halina kitu. Upande wa juu wa kalavati, kwenye majani, maji yalikuwa yanatikisika. Vijana wa ndoo walikuwepo vilevile, wamenuna.

"Sasa kaka," mmoja akaniuliza, "sisi mboga tutapata wapi?"

Nikampa ndoano mbili nilizokuwa nazo mfukoni.