Kabla ya kuilaumu AODV, tafuta pakiti ilikofia

Juzi kijana wa mwaka wa mwisho alinifuata na kompyuta mpakato yake, macho mekundu kwa kukesha. "Shikamoo kaka. Hii AODV imenishinda. Njia zinaonekana kwenye jedwali, lakini data haifiki." AODV ni itifaki, yaani kanuni, ambayo nodi (vifaa) za mtandao usio na waya huitumia kutafutia pakiti za data njia.

Mradi wake ni vihisi vya unyevu wa udongo kwenye shamba la zabibu kule Hombolo, Dodoma. Nodi 25, safu tano kwa tano, mita 20 kutoka moja hadi nyingine, zote zikituma vipimo kwenye nodi moja ya kona. Anaiga mtandao huo ndani ya ns-3, programu ya kuiga mitandao kwenye kompyuta. Alikwishajaribu OLSR, itifaki nyingine ya njia, akapata sifuri, na alikuwa karibu kuandika kwenye ripoti kwamba itifaki zote mbili hazifai. Nikamwomba asiandike neno kwanza.

Ya OLSR ilikuwa nyepesi. Trafiki yake ilianza sekunde ya 1 na simulesheni ikaisha sekunde ya 10. OLSR hutuma HELLO (salamu kwa majirani) kila sekunde 2 na TC (taarifa za viungo kwa mtandao mzima) kila sekunde 5, kwa hiyo inahitaji muda ili nodi zijuane. AODV husaka njia pale tu inapohitajika, ndiyo maana haikuonyesha ugonjwa huo. Tukasogeza trafiki hadi sekunde ya 30. Pakiti zikaanza kupita, ila chache, kama za AODV.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Nilimwomba awashe pcap, faili za kurekodi pakiti, kwenye kila nodi, tukazifungua kwa Wireshark, programu ya kuzisoma. Tukaona nodi za karibu na kona zinafikisha vipimo vizuri. Za mbali zinapata njia, zinatuma, zinarudia kutuma, hakuna anayethibitisha kupokea. Njia inafutwa, ombi la njia linatumwa tena, na njia ileile inarudi. Mduara huo ukaendelea hadi mwisho.

Sababu ni hii. Ombi la njia ni tangazo kwa wote, nalo lilikuwa linakwenda kwa kasi ya chini kabisa, megabiti 6 kwa sekunde. Data alikuwa ameiweka kwenye 54. Kiwango cha Wi-Fi cha 802.11a kinadai mpokeaji aweze kusikia 6 hata mawimbi yakiwa dhaifu kufikia dBm -82 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), lakini kwa 54 ni -65. Tofauti ya desibeli 17! Kwa kipeo cha 3 cha upotevu wa mawimbi, yaani nguvu ikipungua kwa mchemraba wa umbali, ambacho modeli ya umbali ya ns-3 hukitumia usipokibadilisha, tangazo linafika zaidi ya mara tatu ya umbali wa data. Na AODV hupenda njia yenye miruko michache kutoka nodi hadi nodi, kwa hiyo huchagua kwa bidii viungo virefu ambavyo data haiwezi kuvivuka. Itifaki ilifanya ilichoagizwa. Tabaka la chini, yaani redio, ndilo lililoidanganya.

Tukaweka matangazo na data kwenye kasi moja, 6. Kipimo cha unyevu ni baiti chache tu, 6 inatosha na kubaki. Vipimo vikafika kutoka kona zote.

Kuna mitego mingine inayowala vijana muda. Ukijenga ns-3 kwa hali ya optimized (ya kuongeza kasi), ujumbe wa logi hautoki, hata ukiuwasha vipi. Usitoe hitimisho kwa kuendesha mara moja: badilisha RngRun, namba inayobadilisha bahati nasibu ya simulesheni, rudia. Na kwa mnaotumia bado ns-2, mtangulizi wa ns-3, DSR (itifaki nyingine ya njia) ikianguka ghafla mwanzoni, tazama aina ya foleni ya pakiti. Inataka CMUPriQueue, ilhali mifano mingi mnayonakili ina PriQueue ya kawaida. Binafsi nashauri kila mtu aanze na nodi mbili bila itifaki yoyote ya njia, kisha tatu, ndipo aweke shamba zima.

Kijana wangu sasa ana swali gumu zaidi: kile kipeo cha 3 kimetoka wapi? Hakikutoka Hombolo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na shamba lililopogolewa halizuii mawimbi sawa na shamba lililojaa majani. Nimemwambia achukue redio mbili na futi ya kupimia, aende shambani kabla ya kupogoa, kisha arudi baada yake.