Kabla ya video ya kudanki, nionyeshe matokeo ya Hisabati

Jumamosi jioni, JMK Park, Kidongo Chekundu. Mazoezi ya mpira wa kikapu yameisha, vijana wanavua raba, mama mmoja ananisogelea na mwanawe. Kijana nampima kwa macho: hapungui mita 1.95. "Shikamoo kocha," anasema, kisha kimya. Anayezungumza ni mama. "Mwalimu, huyu nataka aende chuo Marekani kama yule Hasheem."

Jina la Hasheem Thabeet nalisikia karibu kila wiki, wala sishangai. Alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi hapahapa Dar, akapata sekondari Houston, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, kabla hata ya James Harden na Stephen Curry. Lakini Hasheem ana mita 2.21. Mwenye kimo hicho husamehewa mengi. Wa mita 1.95 kule anacheza namba mbili au tatu, yaani nafasi za pembeni, na vijana wa namba hizo wamejaa tele.

Kijana akatoa simu anionyeshe video: danki sita, muziki juu, rafiki yake anapiga kelele nyuma ya kamera. Nikamuuliza yuko kidato cha ngapi. Cha tatu. Hisabati mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulipata nini? Akamtazama mama yake. F.

Hapo ndipo safari nyingi ninazozijua zimekwama. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani, ina kitengo kinachokagua vyeti vyako kabla hujagusa mpira. Kwa vyuo vyake vya daraja la kwanza, la juu kati ya madaraja matatu, wanataka masomo 16 ya msingi ya sekondari: Kiingereza miaka minne, Hisabati mitatu, sayansi miwili, masomo ya jamii miwili, na mengine ya kujazia. Wastani usipungue 2.3 katika kipimo cha 4.0. SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, waliufuta katika masharti yao mwaka 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuudai. Kocha wa kule akishakupenda, swali lake linalofuata ni vyeti. Ukimtumia vyenye mashimo hajibu tena, na humlaumu.

Kuna na suala la muda. Ukimaliza sekondari, ukakaa zaidi ya mwaka mmoja huku unacheza ligi, daraja la kwanza wanaanza kukukata misimu ya kucheza chuoni. Hili nimejifunza vibaya. Nilikuwa na kijana mwenye mkono mzuri wa pointi tatu. Wakala mmoja akatuahidi nafasi "msimu ujao", akachukua hela ya fomu, akapotea. Aliyemwambia kijana asubiri ni mimi. Alisubiri misimu miwili ya ligi, na tulipopata chuo cha kweli hesabu ilikuwa imeshaharibika. Siku hizi mtu akinitajia hela ya "kuunganishiwa", mazungumzo yanaishia hapo.

Mama akauliza kama ni kweli wachezaji wa vyuo sasa wanalipwa. Ni kweli, tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Ila mwanafunzi wa kigeni anaingia na viza ya F-1, ambayo ina vizuizi vikali vya kufanya kazi, kwa hiyo hela hiyo usiipangie bajeti.

Jambo linaloniumiza kichwa zaidi ni uhamisho. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza bila kukaa benchi mwaka mzima. Sasa wewe kocha wa chuo, unachagua nani: mtoto wa miaka 18 kutoka Dar uliyemwona kwenye simu, au mtu mzima wa 22 mwenye misimu mitatu ya mechi za vyuo? Nafasi za wageni wachanga zimebanwa. Ndiyo maana nawapeleka wazazi kwanza kwenye daraja la pili, NAIA (chombo kingine cha michezo ya vyuo, nje ya NCAA), na vyuo vya miaka miwili. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa, lakini lina misaada ya masomo, na kwa mwenye alama nzuri misaada hiyo wakati mwingine huzidi skolashipu nusunusu ya kikapu.

Tukarudi kwenye simu. Nikamwomba mechi nzima, akaipata kwenye simu ya rafiki yake. Dakika ya tatu alirusha, akakosa, akashika kichwa kwa mikono miwili. Mtu aliyekuwa anamkaba akampita mbio, akafunga upande wa pili peke yake. Nikairudisha mara mbili bila kusema kitu. Kocha wa chuo anaitazama sekunde hiyohiyo. Anataka mechi kamili, imepigwa kutoka juu jukwaani, simu imelazwa, namba ya jezi inasomeka, na aone unafanya nini ukishakosa.

"Kwa hiyo haendi?" mama akauliza.

Nikamwambia ana mwaka na nusu kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Jumatatu aje saa kumi, na daftari la Hisabati. Kuna dada wa timu ya wanawake anayesomea uhandisi, huwafundisha wenzake pale kwenye ngazi kabla ya mazoezi. Kijana akauliza kama raba aje nazo pia.