Captain Beefheart na ile stori ya masaa nane na nusu

Ukimsikiliza Captain Beefheart, yule mwanamuziki wa Marekani, mara ya kwanza, hasa ile albamu ya Trout Mask Replica ya 1969, lazima useme hawa jamaa wameokota magita wakaanza kupiga hovyo, kila mtu na lwake. Na yeye mwenyewe aliongeza chumvi, akawa anawaambia waandishi kwamba nyimbo zote 28 alizitunga kwa masaa nane na nusu tu akiwa kwenye piano. Watu wakaibeba hiyo stori hivohivo.

Sasa ukweli. Kwanza piano alikuwa hajui kupiga, alikuwa anagongagonga vipande vipande, halafu pembeni yake kakaa mpiga dramu wake John French na kalamu anaandika noti, kisha French huyohuyo anavipanga vile vipande na kumfundisha kila mwenzake cha kwake, huyu gita hili, yule lile, yule besi. Mazoezi yakaenda kama miezi nane ndani ya nyumba moja Los Angeles, hela hakuna, French amesimulia kuna mwezi walikuwa wanaishi kwa kikombe kidogo cha maharage kwa siku! Ndo maana walipoingia studio waliweza kurekodi ala za nyimbo kama 20 kwa masaa sita hivi. Mtu anayebahatisha hawezi hilo. Na nyimbo mbili zilisharekodiwa tangu 1968, kwa hiyo hayo masaa nane na nusu yanatoka wapi?

Aliyebahatisha kidogo ni Captain mwenyewe, maana aliimba bila kuvaa hedifoni, anategemea sauti inayovuja kwenye kioo cha studio, ndo maana mara nyingine sauti yake haikai kwenye mapigo.

French je? Kwenye kava la albamu jina lake halikuwekwa kabisa. Mi hapo ndo naumiaga.

Turudi kwa Captain. Alikuwa anasema pia hakusoma shule, nazo ni kamba zake, alimaliza sekondari Lancaster, California. Na wanaosema uchoraji ulikuwa wa kupotezea muda baada ya muziki kumshinda, hapana, alikuwa anafinyanga na kuchora tangu mtoto. 1982 akatoa albamu ya mwisho, akaacha muziki moja kwa moja akachora mpaka alipofariki Desemba 2010, na picha zake zilikuwa zinauzika kweli.